Dhoruba ikija, serikali ipewe rungu gani? Njia tatu za kulinda umeme, kwa watu wa Lamu na Malindi

Novemba 2023, mvua za El Nino zilipoujaza mto Tana, barabara ya Lamu ilikatika pale Gamba, na daraja la Mbogolo upande wa Magarini nalo likaharibika. Malori ya mafuta, unga na dawa yakasimama. Laini ya umeme ya kilovolti 220 inayotoka Rabai, karibu na Mombasa, ikapitia Malindi na Garsen hadi Lamu, ina urefu wa zaidi ya kilomita 300, nayo inavuka bonde lile lile la Tana. Kwa hiyo mtu wa Amu, yaani mji wa Lamu, ana barabara moja kuu na laini moja ya stima, na zote mbili zinapita kwenye maji yale yale.

Ndiyo maana kila masika yakikaribia, barazani na kwenye vikao vya maoni utasikia ombi moja: serikali itumie mamlaka yake ya dharura, tusikae gizani. Ni ombi la haki. Ila mamlaka ya dharura kuhusu umeme si kitu kimoja. Yapo ya kuamuru mitambo izalishe hata kama sheria nyingine inaizuia, yapo ya kuwakatia baadhi ya watu kwa lazima ili gridi nzima, yaani mtandao wa umeme wa nchi, isianguke, na yapo ya kukodi mitambo haraka bila kungoja zabuni ya kawaida. Kila moja lina nchi zilizolijaribu, na kila moja lina gharama yake. Nimeyaweka hapa kwa ajili ya yule anayeitwa kutoa maoni, awe ni mjumbe wa BMU (kamati ya wavuvi ya ufukweni), mwenye hoteli, mwanachama wa bodi ya hospitali au mkaazi wa kawaida, na ambaye hajui aunge mkono lipi.

Ya kupimia

La kwanza, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kujua umeme umekatikia wapi. Pengine unaozalishwa hautoshi. Pengine upo wa kutosha lakini nguzo zimelala au kituo kimejaa maji. Pengine mtambo upo mzima ila hauna mafuta, gesi au maji bwawani. Mamlaka yanayotibu tatizo moja kati ya haya mara nyingi hayagusi mengine, na kuyachanganya ni kumpa dawa ya kichwa mtu aliyevunjika mguu.

Baada ya hapo nitapima kila njia kwa mambo matatu: kasi yake, nani analipa, na nani ana uwezo wa kuizuia ikitumiwa vibaya.

Njia ya kwanza: kuamuru mitambo iwake

Mfano unaojulikana zaidi uko Marekani. Kifungu cha 202(c) cha Sheria ya Umeme ya Shirikisho ya mwaka 1935 kinampa Waziri wa Nishati uwezo wa kuamuru mtambo uzalishe, au mifumo miwili ya umeme iunganishwe, wakati wa vita au dharura. Kilitumika kimbunga Rita kilipopiga Texas mwaka 2005, kikatumika tena baada ya Ike mwaka 2008, katika joto kali la California Septemba 2022, na katika baridi kali ya Desemba mwaka huo huo.

*Kinachotibu.* Kinatibu uhaba wa uzalishaji, na hapo pia kwa sharti: mtambo uwepo, uwe mzima, uwe na mafuta, na kinachouzuia kiwe ni karatasi, kama vile kikomo cha moshi kwenye kibali chake. Pasipo hayo amri haina cha kushika. Tarehe 14 Februari 2021 kaimu waziri alitia saini amri kama hiyo kwa ajili ya Texas, baridi ikiwa inaingia. Usiku huo huo kuamkia tarehe 15 gridi ilianza kuanguka, na nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zikakosa umeme. Hesabu rasmi ya jimbo ilitaja vifo 246. Visima na mabomba ya gesi yalikuwa yameganda, na mitambo mingi iliyoamriwa kuwaka haikuwa na gesi ya kuwashia.

Ukiileta njia hii Pwani, utaona inafika wapi na inaishia wapi. Rabai kuna mtambo wa mafuta wa megawati 90, na Kipevu ipo Mombasa. Amri ya kuiendesha kwa nguvu zote inaweza kuisaidia Malindi ikiwa laini ya kutoka Rabai haijaanguka. Mtambo wa jua wa Langobaya, wenye uwezo wa megawati 52 jua likiwa kali, hauwezi kuamriwa uzalishe saa mbili za usiku. Na mtambo wa jua wa kawaida unaotegemea gridi huzima gridi ikizima, hata kama ni adhuhuri. Amu nayo, laini ikiwa imelala upande wa Garsen, haipati chochote hata mitambo yote ya Mombasa ikinguruma.

*Kasi.* Ni ya haraka sana, kwa sababu ni saini tu.

*Anayelipa.* Mwenye mtambo hafanyi kazi bure, na mwishowe gharama hurudi kwa mteja. Huko Michigan, mtambo wa makaa wa Campbell ulipangwa kufungwa tarehe 31 Mei 2025. Siku chache kabla, tarehe 23 Mei, waziri aliamuru uendelee, na amri ikaja kuongezwa muda tena na tena. Gharama zake ziligawiwa wateja wa majimbo kadhaa, wakiwemo wasiojua hata mtambo huo uko upande gani.

*Kinachoizuia.* Sheria ya Marekani inasema amri inayogongana na sheria za mazingira isizidi siku 90, ingawa yaweza kuongezwa. Mwenye mtambo akitii amri, hashitakiwi kwa kuvuka kikomo cha moshi wakati huo. Kwa joto la siku tano, kinga hiyo ina maana kabisa, kwa kuwa inaokoa wazee na wagonjwa. Ikirudiwa kila siku 90, inageuka kuwa sera ya nishati ambayo hakuna bunge lililoipitisha.

Watu wa Lamu wana sababu ya kulitazama hili kwa macho mawili. Leseni ya mtambo wa makaa wa Kwasasi ilifutwa na Jopo la Kitaifa la Rufaa za Mazingira tarehe 26 Juni 2019, na sababu mojawapo kuu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kuamuru mtambo uliopo uwake wiki moja ni jambo moja. Kutumia neno dharura kupitisha mtambo mpya ambao watu walikwisha kuupinga mbele ya sheria ni jambo jingine, na kifungu chochote kitakachoandikwa lazima kitenganishe mawili hayo waziwazi.

Njia ya pili: mgao wa lazima

Hapa serikali, au msimamizi wa gridi kwa mamlaka ya sheria, anakatia eneo hili ili eneo lile libaki, na ili gridi nzima isizimike. Afrika Kusini waliuzoea mgao kwa ngazi, ya kwanza hadi ya nane, zenye ratiba ya kila mtaa. Tarehe 9 Februari 2023 Rais Ramaphosa alitangaza hali ya janga la kitaifa kwa sababu ya umeme, akaiondoa tarehe 5 Aprili. Sisi Kenya tuliuonja mwaka 2009, ukame ulipolifunga bwawa la Masinga. Na Novemba 2024 Rais Ruto alisema wazi kwamba sehemu za nchi hukatiwa umeme jioni, kati ya saa kumi na moja na saa nne usiku, kwa sababu mahitaji yamezidi.

*Kinachotibu.* Mgao hauongezi hata wati moja, lakini unazuia baya zaidi. Kule Texas, gridi ilibakiwa na dakika 4 na sekunde 37 tu kabla ya kuanguka yote, na kuirudisha kungeweza kuchukua wiki nzima au zaidi. Waliokoa kilichobaki kwa kukata. Kwa mtu aliyelala gizani siku nne hilo ni jambo gumu kulikubali, nami simlaumu.

*Kasi.* Dakika.

*Anayelipa.* Hakuna ankara inayoandikwa, kwa hivyo mgao huonekana kana kwamba ni bure. Mlipaji ni aliye gizani. Chukua mvuvi aliyefika pwani alasiri na changu na kolekole zake. Samaki hao wana thamani mradi kuna barafu. Mashine ya barafu ikizimwa saa kumi na moja jioni na kurudi saa nne, mchuuzi anajua, naye anashusha bei akiwa amesimama pale pale mchangani huku mvuvi akimtazama. Kinyozi, mshonaji na mama wa sharubati hupoteza saa zao bora za kazi. Mwenye jenereta kubwa anapoteza kidogo tu. Mgao usiopangwa vizuri ni kodi inayomwangukia mnyonge zaidi.

*Kinachoizuia.* Hapa kuna kitu kimoja kinachoamua kama mgao ni wa haki au ni balaa, nacho ni orodha ya wasiokatiwa. Afrika Kusini jambo hili lilifika Mahakama Kuu ya Pretoria, na Mei 2023 majaji waliamuru waziri achukue hatua ili hospitali za umma, shule na vituo vya polisi visikose umeme. Texas walijifunza kwa uchungu. Baadhi ya mitambo ya kuchimba na kusukuma gesi ilikatiwa umeme kwa sababu haikuwa imeandikishwa kuwa ya lazima. Gesi ikapungua, mitambo ya umeme ikakosa gesi, ikabidi kukata zaidi.

Kitanzi kama hicho kipo kwetu, ila kwetu ni cha maji. Malindi inakunywa kutoka Baricho, visima vya kando ya mto Sabaki ambavyo maji yake husukumwa kwa pampu za umeme hadi Malindi, Watamu, Kilifi na sehemu ya Mombasa. Ukikata laini ya Baricho katikati ya mafuriko, unakausha mabomba ya miji kadhaa wakati ambapo visima vya mitaani vimeingia maji machafu na kipindupindu kinanyemelea. Mji wa Amu nao hupata maji yake kutoka visima vya Shela, chini ya matuta ya mchanga, na pampu zake zinataka stima. Kwa hivyo anayeandika orodha akaishia kwenye Hospitali ya King Fahd na kituo cha polisi hajamaliza kazi. Aongeze pampu za Shela, Baricho, friji za chanjo kwenye zahanati, minara ya simu, na walau mashine moja ya barafu kwa kila bandari ya samaki. Orodha hiyo haingoji dhoruba. Inaweza kuandikwa mwezi huu huu na kubandikwa kwenye ofisi ya chifu ili kila mtu aisome.

Njia ya tatu: kukodi mitambo kwa haraka

Serikali inatangaza dharura, inaruka hatua za zabuni, inakodi majenereta makubwa. Kenya tulifanya hivyo katika ukame wa 1999 na 2000, kisha tena mwaka 2006.

*Kinachotibu.* Uhaba wa muda mrefu, hasa ukame unaokausha mabwawa kwa miezi. Hilo ndilo linalosemwa kila mara. Lisilosemwa ni kwamba kati ya njia hizi tatu, hii peke yake inaweza kuwasha taa Amu laini ikiwa imelala, mradi jenereta liko kisiwani kwenyewe. Kabla ya gridi kufika, mji wa Lamu uliendeshwa na mitambo ya dizeli iliyokuwa papo hapo. Ilikuwa ghali na yenye kelele, lakini haikutegemea nguzo iliyosimama kwenye matope ya Tana. Kisiwa cha Pate nacho kimejua umeme wa mtambo wake wenyewe kule Faza.

*Kasi.* Kwa jina ni ya dharura, ila kwa hakika ni ya wiki, pengine miezi. Mashine isafirishwe, iwekwe, iunganishwe, na mafuta yafike. Barabara ikiwa imekatika Gamba na kusi linavuma, mafuta hayo yanavushwaje? Kimbunga Hidaya, kilichotua Mafia huko Tanzania tarehe 4 Mei 2024, kilitangazwa siku kadhaa kabla, na Pwani yetu ilionywa. Siku hizo zinatosha kujaza matangi yaliyopo. Hazitoshi kuleta mtambo ambao haupo.

*Anayelipa.* Wewe, na unaweza kuona. Ukinunua tokeni, usiufute ujumbe kabla ya kuusoma. Katika makato yanayotolewa kwenye kiasi ulicholipa imo gharama ya mafuta, nayo ndiyo hupanda gridi inapoegemea dizeli. Ni njia ghali kuliko zote tatu kwa kila uniti, na mkataba wa kukodi huendelea kulipwa hata mvua ikisharudi na mabwawa kujaa.

*Kinachoizuia.* Majirani zetu wametufundisha. Mwaka 2006 Tanzania, katika ukame, iliipa kampuni ya Richmond mkataba wa dharura wa megawati 100. Umeme haukupatikana kama ilivyoahidiwa. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ilichunguza, na tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Ukame ulikuwa wa kweli na giza lilikuwa la kweli. Haraka ile ndiyo iliyofungua mlango.

Sheria yetu ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, kifungu cha 103, inaruhusu kununua moja kwa moja kukiwa na janga la asili au hitaji la haraka, ila inaweka sharti ambalo kila mkaazi angepaswa kulijua: haraka hiyo isiwe ya jambo lililoweza kutabirika, wala isitokane na uzembe wa ofisi yenyewe. Masika huja kila mwaka. Ofisi iliyolala hadi Aprili haina haki ya kuliita hilo dharura Mei.

Nani ameshika ufunguo

Hali ya hatari ya kitaifa, kwa kifungu cha 58 cha Katiba, yaweza kutangazwa kwa sababu ya janga la asili. Hudumu siku 14, na kuiongeza kwa mara ya kwanza kunataka thuluthi mbili ya wabunge wote. Ni silaha nzito mno kwa nguzo zilizoanguka, na sioni sababu ya kuiomba kwa ajili ya umeme pekee.

Watu wengi husahau kwamba Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti usambazaji wa umeme na gesi, pamoja na udhibiti wa majanga. Mitambo mikubwa na laini ya kilovolti 220 haviko mikononi mwa gavana. Lakini orodha ya wasiokatiwa, akiba ya dizeli ya hospitali na pampu, na bajeti ya kuyafanyia majenereta matengenezo ni mambo ambayo bunge la kaunti linaweza kuyadai bila kungoja Nairobi.

Sasa uchague kwa hali yako

Kama unaishi Malindi, Watamu au Mambrui, uko karibu na Rabai, na laini ya kukufikia haivuki Tana. Amri kwa mitambo inaweza kukufaa wakati wa uhaba wa kitaifa, mradi iwe na tarehe ya mwisho. Ila pigania zaidi Baricho iwe kwenye orodha, kwa sababu bila maji hata taa hazikusaidii.

Kama uko Amu, Shela au Manda, tatizo lako kubwa ni umbali wa laini. Amri ya kuwasha mitambo ya mbali haikufikii nguzo zikianguka. Uliza kuhusu uzalishaji ulio kisiwani: jenereta, au jua lenye betri linaloweza kuendelea gridi ikiwa imezima. Ununuzi wa haraka unaweza kuleta hayo, lakini ufanywe wakati wa kiangazi kwa zabuni ya wazi, si siku ya mafuriko.

Mwenye hoteli mwenye jenereta lake anaweza kuuvumilia mgao wenye ratiba kuliko wengi, na ni vizuri akalisema hilo hadharani. Anachohitaji ni ratiba iliyotolewa mapema na kufuatwa. Kwa mjumbe wa BMU ni kinyume chake: mgao wa jioni unamwumiza kuliko yeyote, kwa hivyo aingie kikaoni akiwa na saa ambazo mashine ya barafu haipaswi kuzimwa, kulingana na bamvua na saa za kurudi vyombo.

Bodi ya hospitali isitegemee mamlaka yoyote kati ya haya matatu kwa siku mbili za mwanzo. Tangi lijazwe onyo la hali ya hewa likitoka tu, jenereta liwashwe kwa majaribio likiwa limebeba mzigo wa kweli, na ijulikane kwa jina nani anashika ufunguo usiku.

Ikiwa tishio ni ukame badala ya mafuriko, hesabu inageuka. Laini ni nzima, kinachokosekana ni maji mabwawani, na hapo mgao wa haki pamoja na amri kwa mitambo ya mafuta iliyopo vinaweza kutosha kabla ya kufikiria kukodi.

Na kama wewe ndiye MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) au mbunge utakayeshika kalamu, andika mambo manne kwenye kifungu chenyewe: siku mamlaka yatakapokwisha bila kuongezwa na waziri peke yake, bei ya kila uniti itangazwe ndani ya wiki moja, orodha ya wasiokatiwa iambatanishwe kama jedwali la sheria, na mtambo mpya usijengwe kwa kisingizio cha dharura bila kusikiliza watu wa mahali hapo.